Muuguzi Mmoja Ni Bei Gani? Tupige Hesabu Mpaka Mwisho

Leo tunasema juu ya uuguzi na juu ya pesa, na tunajua kuna watakaonuna.

Kila mwaka matokeo ya S6 yakitoka, na yale ya Exetat ng'ambo ya barière, simu zinaanza: "Ni chuo gani cha anfirmie kiko na minervali ndogo?" Tumeulizwa hilo swali mara nyingi sana, na jibu letu limekuwa ni kuuliza swali lingine: ndogo mpaka lini? Mpaka mwaka wa kwanza uishe, ama mpaka siku unavaa blauzi nyeupe na unasaini jina lako kwenye faili ya mgonjwa? Kati ya hizo siku mbili kuna shimo, na vijana wengi tunaowajua wako ndani ya hilo shimo sasa hivi, na karatasi zao za udahili bado ziko kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro.

Wala si vijana walioanza kuuliza vibaya. Wamefundishwa na wale wanaolipa. Angalieni fomu za miradi: kuna safu ya "gharama kwa mwanafunzi kwa mwaka", kuna safu ya "idadi ya walioandikishwa", kuna safu ya wasichana na wavulana. Safu ya "wauguzi waliosajiliwa" hatujaiona. Basi mwenye mradi anatafuta kiti cha bei ya chini, anajaza vichwa, anapiga picha na kofia za kampeni, kiisha ripoti inaenda Ulaya. Mgonjwa hayumo kwenye hiyo hesabu hata kidogo.

Tuanze na madaraja, juu ya wengi wanachanganya. A2, A1, A0: hizi herufi tumezirithi kwa Wabelgiji, ndiyo maana ziko Congo, ziko Rwanda, ziko Burundi. Kule kwetu Congo, A2 anatoka sekondari, kwenye ITM au IEM. A1, kwa mfumo wa zamani, alikuwa anatoka ISTM baada ya miaka mitatu ya graduat, na akiongeza licence alikuwa A0. Hapa Rwanda, A2 ilifungwa mwaka 2007. Mashule matano ya Byumba, Kabgayi, Kibungo, Nyagatare na Rwamagana yakapandishwa kufundisha A1, juu ya ile taasisi ya afya ya Kigali, KHI, iliyokuwepo toka 1996. Mwaka 2013 vyuo vya serikali vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, na uuguzi ukaingia humo. Halafu 2021, baada ya watu kuzika A2 na kuilia, serikali ikarudisha mafunzo ya wauguzi wasaidizi kwenye sekondari chache, kwa sababu vituo vya afya vijijini vilikosa mikono.

Mnaona? Daraja lilelile lilikuwa nzuri, likawa baya, likarudi kuwa nzuri, na mwili wa binadamu haukubadilika hata siku moja. Thamani ya karatasi ya uuguzi inapangwa na serikali pamoja na baraza linalosajili. Hapa ni Baraza la Taifa la Wauguzi na Wakunga, NCNM. Unaweza kuwa na shahada yenye muhuri wa dhahabu. Bila kupita mtihani wao na kupata leseni yao, wewe ni mtu aliyesoma uuguzi, bado hujawa muuguzi. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha bei za vyuo, linganisha bei ya kufika kwenye leseni. Bei ya kufika getini haitusaidii.

Tupige hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, weka mwenyewe za chuo unachokitazama. Chuo cha kwanza kinaomba faranga 700,000 kwa mwaka, miaka minne, A0. Hiyo ni 2,800,000. Chuo cha pili kinaomba 1,000,000 kwa mwaka, miaka mitatu, A1. Hiyo ni 3,000,000. Kwenye fomu ya mradi, cha kwanza kimeshinda: unapata shahada kubwa zaidi na unabakiza 200,000. Kila mtu anapiga makofi.

Sasa ongeza tumbo. Chuo cha kwanza kiko mjini, chumba na chakula ni 60,000 kwa mwezi, miezi kumi kwa mwaka: 600,000, mara miaka minne ni 2,400,000. Jumla imefika 5,200,000. Cha pili kiko kijijini, pembeni ya hospitali yake, kulala na kula ni 30,000 kwa mwezi: 300,000 kwa mwaka, 900,000 kwa miaka mitatu. Jumla 3,900,000. Halafu kuna ule mwaka wa nne. Yule wa A1 tayari yuko kazini. Tuseme analipwa 150,000 tu kwa mwezi, ni 1,800,000 ameingiza wakati mwenzake bado anatafuta pesa ya fotokopi. Ukijumlisha, ile shahada ya "bei ndogo" imekuwa ghali kwa 3,100,000. Wazee walisema rahisi ghali, na hawakuwa na Excel.

Na bado hatujahesabu staji. Uuguzi haufanani na kusomea biashara, ambapo unaweza kukaa na laptop yako ukamaliza. Lazima uende wodini, usiku na mchana, mara hospitali hii, mara kituo kile kilima cha pili. Kuna blauzi, viatu, saa ya mkono yenye sekunde, kipima presha ambacho wengine wanadaiwa wajinunulie, chanjo ya homa ya ini aina ya B, moto ya kukuwahisha zamu ya alfajiri. Tunawajua wasichana waliokosa staji kwa sababu ya tiketi ya basi, na ukikosa saa za staji unarudia. Kurudia ni mwaka mwingine wa minervali. Kwa hiyo ukiwa unaishi Rubavu na una uchaguzi, chuo chenye hospitali yake mlangoni, kama Kibogora kule Nyamasheke au Ruli kule Gakenke, usikidharau kwa sababu tu jina lake haliko Kigali. Hatuwapigii vyuo hivyo debe. Tunasema ukaribu wa kitanda cha mgonjwa una bei, na hiyo bei iingie kwenye daftari.

Kuna wenzetu watasema tunawarudisha vijana chini: kwa nini mkimbizi aridhike na A1 wakati wengine wanapata A0? Hoja hiyo tunaiheshimu. Ni kweli A0 inafungua milango: kuongoza wodi, kufundisha, kwenda masomo ya juu. Kama buruse yako inalipa miaka minne yote, pamoja na chumba na chakula, chukua A0 na usiangalie nyuma. DAFI, ile buruse ya UNHCR inayolipwa zaidi na Ujerumani toka 1992, imesomesha wakimbizi kwa namna hiyo, na aliyeipata asijifanye mnyenyekevu akaichagulia diploma fupi. Tunayempinga ni yule anayekupa nusu ya A0. Nusu ya A0 haina jina. Huwezi kwenda NCNM na kusema "nilisoma semesta tano". Kumbe aliyemaliza A1 yuko na kitu kizima mkononi, anafanya kazi, na mlango wa kupanda upo: hapa Rwanda wauguzi wengi sana wa A2 walipanda kuwa A1 wakiwa kazini, hata kwa masomo ya mtandaoni, na wa A1 wanaendelea mpaka A0. Ngazi inapandwa ukiwa unakula.

Wale wenye ndoto za ng'ambo wasikie na hili pia. Marekani kwenyewe, aliyesoma miaka miwili kwenye chuo cha jamii na aliyesoma minne chuo kikuu wanakaa kwenye mtihani mmoja wa leseni, NCLEX-RN. Wakipita, wote ni wauguzi waliosajiliwa. Hospitali nyingine zinapendelea wa miaka minne, hatukatai, ila wengi wanaanza na miwili, wanaingia kazini, kiisha wanamalizia shahada polepole. Ndugu zetu waliofika huko wengi wameanzia chini zaidi, kwenye kozi ya usaidizi wa wauguzi, ambayo sheria yao inataka saa zisizopungua 75. Hakuna aliyewacheka.

Tufike kwenye jambo linalotukera kuliko yote: kozi zinazofanana na uuguzi. "Usimamizi wa afya." "Afya ya jamii." "Sayansi ya afya kwa njia ya mtandao." Hatusemi ni kozi mbaya. Mtu wa usimamizi wa afya anahitajika, na ONG zinamwajiri. Lakini mtoto amesema anataka kuwa anfirmie, amejaza fomu akilia kwa furaha, na hakuna aliyemwambia kwamba mwisho wa hiyo kozi hatachoma sindano mtu yeyote. Anakuja kujua mwaka wa tatu, anapomuuliza mwalimu kuhusu staji ya wodi. Yalimpata mmoja wetu, na aliyemwandikisha alimjibu: "Si zote ni afya?" Ndiyo, zote ni afya. Hata kuuza sabuni ni afya.

Hizi kozi zinapendwa kwa sababu moja: mwanafunzi wa mtandaoni ni wa bei ya chini na anahesabika kichwa kizima. Hana staji, hana maabara, hana mkufunzi wa wodi anayesimamia vijana sita. Tunasema hivi: uuguzi wenyewe hausomwi wote kwa simu. Nadharia, sawa. Mikono, hapana. Mtu akikuuzia shahada nzima ya uuguzi mtandaoni, toka mwanzo mpaka mwisho, kwa mtu ambaye hajawahi kugusa mgonjwa, kimbia. Na msidhani udanganyifu huu ni wa maskini peke yao. Januari 2023 serikali ya Marekani ilishtaki watu 25 huko Florida kwa biashara ya diploma feki za uuguzi. Zaidi ya 7,600 zilikuwa zimetolewa na vyuo vitatu. Watu walilipa maelfu ya dola. Kama kule kwenye kompyuta za kila aina diploma zimeuzwa kama maandazi, wewe wa Rubavu unayetumiwa namba ya simu na "komisheni kidogo ya kuharakisha udahili" ujihadhari mara mbili.

Halafu lugha. Toka 2008 Rwanda imeshika Kiingereza mashuleni. Sisi tumekuja na Kifaransa chetu cha Goma, Masisi na Rutshuru, kizuri sana, tumekariri mifupa yote kwa Kifaransa, na tunaingia darasani mwalimu anaongea Kiingereza saa tatu mfululizo. Watu wanafeli, kiisha ripoti inaandika "motisha ya mwanafunzi ilishuka". Motisha haikushuka, ni msamiati haukupanda. Miezi sita ya Kiingereza kabla ya kuanza, Kiingereza cha hospitali chenye maneno ya kidonda na dripu na dozi, kingeokoa wengi. Mradi ukibanwa bajeti, hicho ndicho kitu cha kwanza kukatwa.

Na kabla ya Kiingereza kuna karatasi. Diploma yako ya Serikali ya Congo lazima ipate ulinganifu, na kwa sekondari kazi hiyo iko kwa NESA, kwa masomo ya juu iko kwa HEC. Kuna aliyekimbia na diploma, kuna aliyeiacha nyumbani chini ya paa lililoungua. Tena chuo kinataka baiolojia na kemia: aliyesoma pedagojia ama kommersiale atakataliwa hata kama alipata asilimia nyingi. Haya yote yanajulikana kabla. Mtu wa shirika anaweza kuyauliza siku ya kwanza. Wengi hawaulizi, wanamwacha kijana alipe nauli ya kwenda Kigali na kurudi mara nne ndipo aambiwe sehemu yake ya masomo haifai.

Sasa rudini kwenye zile namba zetu, kwa ajili ya nyinyi mnaosimamia bajeti. Chukueni wanafunzi kumi kwenye kile chuo cha 3,900,000. Wote wakimaliza, kila muuguzi amewagharimu 3,900,000. Lakini mmekata Kiingereza, mmekata pesa ya staji, na watano wanaacha baada ya miaka miwili. Kila mmoja wao ameshakula 2,600,000, jumla 13,000,000 zimeingia hewani. Waliobaki watano ni 19,500,000. Mmetumia 32,500,000 kupata wauguzi watano: 6,500,000 kila mmoja. Mngeongeza 300,000 tu kwa kila mtu kwa ajili ya lugha na nauli, na hata wawili wakaacha, muuguzi mmoja angewagharimu kama 4,925,000, na mngekuwa nao wanane. Ile "akiba" imewapa watu watatu pungufu wodini na imepandisha bei ya kila mmoja kwa milioni moja na nusu hivi. Hii ni hesabu ya darasa la sita.

Kuacha masomo katikati hakukuanza na uvivu wa mtu. Mwanzoni mwa 2025, Marekani ilipofunga mifereji ya misaada, miradi mingi ya ukanda huu ilisimama ndani ya wiki chache. Dada mmoja wa kundi letu alikuwa amebakiza semesta mbili za uuguzi. Barua ilimwambia kwamba ufadhili "umesitishwa hadi taarifa nyingine". Taarifa nyingine haijafika. Sasa anauza sambaza na nyanya karibu na Petite Barrière, na jirani wakiumwa wanamfuata yeye kwanza kabla ya kwenda kituoni. Anawaambia waende kituoni. Tunalitaka shirika lolote linaloanza mradi wa uuguzi liweke pembeni, toka siku ya kwanza, pesa ya kumalizia kila aliyeanzwa. Kama mko na pesa ya kumaliza wanne, andikisheni wanne. Kumi waliokatwa katikati ni hasara kwenu na ni kidonda kwetu.

Na kuna wauguzi ambao hamhitaji kuwasomesha hata kidogo. Hapa ndipo hasira yetu iko. Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, na mabomu yakadondoka mpaka huku Rubavu na kuua watu, na majeruhi wakapelekwa Hospitali ya Gisenyi, waliovuka mpaka hawakuwa wakulima na wachuuzi peke yao. Walivuka na maanfirmie. Kuna mama mmoja tunamwita Mama Muganga, hatutaji jina lake. Amezalisha akina mama kwenye kituo cha afya huko Masisi miaka mingi, wakati mwingine kwa mwanga wa tochi ya simu. Ni A2. Hapa anafua nguo za watu. Ukimuuliza anasema, "Wanangu, mikono yangu iko mizima, ni karatasi inaumwa."

Kumsomesha kijana toka sifuri tumeona ni milioni ngapi. Kumpa Mama Muganga Kiingereza, kumlipia ulinganifu, kumsaidia kupanda daraja moja chini ya usimamizi, kumlipia mtihani: hata mkiwa wakarimu, haifiki hiyo bei, na mnapata mtu ambaye tayari hatetemeki akiona damu. Wapi kuna mradi wa hivyo hapa? Uingereza, ambako hawana wakimbizi wengi kama ukanda huu, huduma yao ya afya, NHS, imekuwa na mpango wa kuwasaidia wauguzi wakimbizi kupita lugha na usajili ili warudi kwenye kazi yao. Hawakufanya kwa huruma tu. Walipiga hesabu.

Tena haya si maombi ya kupiga magoti. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 22, unasema mkimbizi apewe nafasi nzuri kadiri inavyowezekana kwenye elimu ya juu ya msingi, na unataja waziwazi kutambua vyeti vya nje, kusamehe ada na kutoa buruse. Kifungu cha 19 kinagusa wenye taaluma. Tunajua maneno "kadiri inavyowezekana" ni mlango mpana wa kutokea. Lakini Rwanda inaruhusu wakimbizi kufanya kazi, na Congo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, jumuiya ambayo wakuu wake walitangaza eneo moja la elimu ya juu mwaka 2017. Basi Mcongomani anapotozwa ada ya mgeni wa mbali kwenye chuo cha ukanda huu, aulize kwa adabu na kwa maandishi: kwa msingi gani? Na mtu wa ulinzi wa shirika asaini hiyo barua pamoja naye. Barua ya kijana peke yake inalala kwenye droo.

Tumeshasikia majibu. La kwanza: "Kwa pesa ya anfirmie mmoja tunafundisha washonaji kumi." Kweli, na tunapenda washonaji. Ila mtaa mmoja hauwezi kula cherehani kumi, na wengi mnawajua, vyeti wanavyo, cherehani imeuzwa. Dunia yenyewe inalia wauguzi: Shirika la Afya Duniani limehesabu upungufu wa karibu milioni 5.8. Rwanda nayo toka 2023 imesema inataka kuzidisha wafanyakazi wa afya mara nne kwa miaka minne. Hakuna aliyetangaza upungufu wa washonaji.

La pili: "Mkishasoma mtaondoka." Kwenda wapi? Tarehe 27 Januari 2025, siku zilezile Goma inaanguka, Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa zimeshapimwa na kuuza vitanda zikabaki zimekaa juu ya masanduku. Na kama amani ikirudi tukavuka kwenda kwetu, je, Masisi haihitaji muuguzi? Mzigo wa karatasi inayotambulika pande mbili za barière ni mwepesi kubeba.

La tatu hawalisemi kwa sauti: kwamba mkimbizi mwenye leseni ataomba mshahara. Kule Kakuma na Dadaab inajulikana, mkimbizi kwenye kazi za kambi analipwa "motisha", na mwenyeji wa kazi ileile analipwa mshahara. Mkitusomesha miaka mitatu halafu mkatuweka kwenye motisha, mmeharibu thamani ya shahada mliyoilipia wenyewe. Linganisheni vyuo mpaka kesho; kama mwisho wake ni motisha, vyote ni ghali.

Ulimwenguni, wakimbizi walioko kwenye elimu ya juu walikuwa asilimia 1 mwaka 2019, na UNHCR inataka wafike 15 ifikapo 2030. Tunafurahi namba zinapanda. Tunaomba tu kwenye hizo namba mtenge waliomaliza na waliosajiliwa.

Kwa vijana: kabla ya kusaini buruse yoyote ya uuguzi, omba uandikiwe ni miaka mingapi inalipwa, nani analipa staji, nani analipa mtihani wa leseni, na NCNM inakitambua hicho chuo kwa daraja gani. Ukiwa Nkamira, kumbuka ni kituo cha kupita: unaweza kuhamishwa kwenda Mahama katikati ya semesta, kwa hiyo uliza pia kama buruse inahama nawe. Atakayekujibu "usijali, tutaona", mwambie aandike hayo maneno na aweke tarehe.

Kwa wa mashirika: tunaandaa orodha ya maanfirmie wa Congo walioko Rubavu wenye A2 na A1, wenye vyeti na wasio na vyeti, bila kuweka majina hadharani. Mwenye bajeti ya Kiingereza, hata ya miezi mitatu, atukute. Na aliye na kamusi ya tiba ya Kifaransa na Kiingereza nyumbani inayokula vumbi, tunaihitaji kuliko fulana.